Leza: Historia ya Nuru Iendayo Sanjari

Nuru ya jua, ya taa na ya moto hutoka katika atomu nyingi mno, na kila atomu hutoa yake kwa wakati wake. Mawimbi yanayotoka humo yana urefu tofauti, huelekea kila upande, na kilele cha wimbi moja hakina uhusiano wowote na kilele cha jingine. Nuru sanjari haiko hivyo. Mawimbi yake yana urefu mmoja, huelekea upande mmoja, na hupanda na kushuka kwa pamoja kama makasia ya wavuvi wanaofuata mdundo mmoja. Chombo kinachoizalisha ni leza. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, na siku hiyo hapakuwa na kazi hata moja iliyokuwa ikiisubiri. Kazi zilikuja baadaye, na kila moja ilichukua sehemu yake ya ule utaratibu wa mawimbi: wapimaji walichukua unyoofu wake, madaktari nguvu yake inayoweza kukusanywa kwenye nukta moja, na wahandisi wa simu usafi wa rangi yake.

Kabla ya leza

Mwaka 1803 daktari Mwingereza Thomas Young alieleza jaribio alilolifanya kwa vifaa vichache tu. Alitoboa tundu dogo kwenye dirisha lililofungwa, akaacha mwale mwembamba wa jua uingie chumbani, kisha akausimamishia kipande chembamba cha kadi kiasi kwamba mwale uligawanyika pande mbili. Nuru ya pande hizo ilipokutana tena nyuma ya kadi, ilijitokeza mistari ya mwanga na giza. Vilele vya mawimbi vilipokutana, mwanga uliongezeka. Kilele kilipokutana na bonde, mawimbi yalifutana na pakawa giza. Tabia hiyo ni ya mawimbi, na ilimpa Young hoja nzito dhidi ya waliodai kuwa nuru ni chembe tupu.

Mistari hiyo isingeonekana bila lile tundu. Tundu lilipitisha sehemu ndogo sana ya nuru ya jua, na hiyo sehemu ndogo ndiyo iliyokuwa na mpangilio wa kutosha. Kwa zaidi ya miaka 150 njia ilibaki kuwa hiyo: aliyetaka nuru yenye mpangilio alilazimika kutupa karibu nuru yote aliyokuwa nayo.

Mpangilio huo hupimwa kwa umbali ambao mawimbi husafiri kabla ya kupotezana hatua. Kwa nuru ya jua umbali huo haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa leza ya kawaida ya maabara ni makumi ya sentimita, na kwa leza zilizotulizwa kwa uangalifu hufika kilomita nyingi.

Dalili yake huonekana kwa macho. Leza ndogo nyekundu ikielekezwa kwenye ukuta wa chokaa, doa lake halionekani laini. Lina punje za mwanga na giza zinazometameta kila kichwa cha mtazamaji kinaposogea. Punje hizo hazimo ukutani. Ukuta wowote, hata uliosawazishwa vizuri, una mashimo na miinuko midogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo nuru inayorudi kutoka kila sehemu husafiri umbali uliotofautiana kidogo hadi jichoni. Kwa kuwa mawimbi yote yalitoka yakiwa sanjari, mahali pengine hujumlishana na mahali pengine hufutana. Tochi ikimulika ukuta uleule haitoi punje hizo, kwa sababu mawimbi yake yamevurugika tangu yanapotoka.

Hesabu ya Einstein

Msingi wa leza uliwekwa na Albert Einstein huko Berlin mwaka 1916, katika makala iliyosambaa zaidi baada ya kuchapishwa tena mwaka 1917. Wakati huo ilikwishafahamika kwamba atomu hukaa katika ngazi maalumu za nishati. Atomu iliyo ngazi ya chini inaweza kuifyonza fotoni, yaani chembe ya nuru, ikapanda ngazi ya juu. Atomu iliyo juu inaweza kushuka yenyewe, wakati wowote na kwa upande wowote, ikitoa fotoni. Einstein alionyesha kwamba hesabu za joto na nuru hazikamiliki mpaka liongezwe tendo la tatu: fotoni inapopita karibu na atomu iliyo ngazi ya juu, inaweza kuichochea ishuke. Fotoni mpya inayotoka hufanana na ile ya kwanza kwa kila hali: rangi, mwelekeo na hatua ya wimbi.

Fotoni moja huwa mbili, mbili huwa nne, na zote ni sanjari. Hata hivyo, katika vitu vya kawaida tendo hilo humezwa. Atomu zilizo ngazi ya chini huwa nyingi kuliko zilizo juu, kwa hiyo fotoni nyingi zaidi hufyonzwa kuliko zinazozalishwa. Ili kuchochewa kushinde kufyonzwa, idadi lazima igeuzwe, atomu za ngazi ya juu ziwe ndizo nyingi. Mwaka 1928 Rudolf Ladenburg alipata ushahidi wa kwanza wa tendo hilo katika gesi ya neoni. Mwaka 1939 Valentin Fabrikant wa Moscow alipendekeza katika tasnifu yake kwamba lingeweza kutumiwa kukuza nuru. Pendekezo hilo halikufuatiliwa, na Vita Kuu ya Pili ikawapeleka wanafizikia wengi kwenye rada.

Kutoka rada hadi nuru

Rada ndiyo iliyofungua njia. Waliofanya kazi nayo walirudi vyuoni wakiwa na ujuzi mkubwa wa mikrowevu, mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita chache. Mmoja wao alikuwa Charles Townes wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Asubuhi ya Aprili 26, 1951, akiwa Washington kwa ajili ya mkutano, Townes aliketi kwenye benchi la bustani ya Franklin Park na kuandika nyuma ya bahasha hesabu ya jinsi molekuli za amonia zingeweza kutenganishwa, zile zenye nishati kubwa ziingizwe ndani ya kisanduku cha chuma, nazo zizalishe mikrowevu kwa kuchochewa.

Kazi hiyo ilichukua karibu miaka mitatu. Wakuu wawili wa idara yake, Isidor Rabi na Polykarp Kusch, walimshauri aiache kwa kuwa iliwapotezea fedha bila kuzaa matunda. Hakuiacha, na mwaka 1954 yeye, James Gordon na Herbert Zeiger walifanikiwa. Chombo hicho walikiita meza (kwa Kiingereza, maser). Nikolai Basov na Aleksandr Prokhorov wa Taasisi ya Lebedev, Moscow, walikuwa wamefika kwenye wazo hilohilo kwa njia yao, na mwaka 1964 watatu hao, Townes, Basov na Prokhorov, waligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Swali lililofuata lilikuwa kama tendo hilo lingewezekana kwa nuru, ambayo wimbi lake ni fupi mara elfu kumi na zaidi kuliko mikrowevu. Kisanduku kidogo kiasi cha kulingana na wimbi kama hilo kisingeweza kutengenezwa. Desemba 1958, Townes na shemeji yake Arthur Schawlow, wa maabara za Bell, walichapisha jibu: kisanduku hakihitajiki, vioo viwili vinavyotazamana vinatosha. Nuru inayokwenda sambamba na mstari wa vioo hurudi tena na tena, ikizidi kukua kila inapopita kati ya atomu zilizosisimuliwa. Nuru inayokwenda upande hutoroka na kupotea. Kioo kimoja kikiachwa kipitishe kiasi kidogo, kinachotoka ni mwale mwembamba na mnyoofu. Unyoofu wa leza, kwa hiyo, ni matokeo ya vioo hivyo.

Mtu mwingine alikuwa amefika hapo kabla ya makala hiyo kutoka. Gordon Gould, mwanafunzi wa uzamivu palepale Columbia, aliandika mpango wa vioo viwili katika daftari lake Novemba 1957. Ndani yake ndimo lilimoandikwa kwa mara ya kwanza jina la leza. Ili kulinda haki yake alilipeleka daftari kwa mthibitishaji wa hati aliyekuwa na duka la pipi mtaani Bronx, naye akagonga mhuri wa Novemba 13. Lakini Gould aliamini kimakosa kwamba ni lazima kwanza atengeneze chombo chenyewe, akachelewa kuomba hataza. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliipa kampuni iliyomwajiri karibu dola milioni moja kwa utafiti huo, kisha ikaufanya siri, na Gould akakataliwa kibali cha kuufanyia kazi kwa sababu aliwahi kuhudhuria kikundi cha mafunzo ya Umaksi. Alipigania hataza zake mahakamani kwa takriban miaka 30. Ya kwanza kubwa aliipata mwaka 1977, wakati biashara ya leza ilikwishakua, na hivyo ikamletea fedha nyingi kuliko ambazo angepata mwaka 1960.

Yakuti ya Malibu

Maabara kubwa zilishindana kutengeneza leza ya kwanza, nyingi zikitumia gesi. Theodore Maiman, mhandisi katika maabara za utafiti za Hughes huko Malibu, California, alichagua yakuti nyekundu iliyotengenezwa na binadamu. Wengi waliikataa. Vipimo vilivyokuwa vimechapishwa vilionyesha kwamba yakuti hurudisha kama nuru asilimia moja tu ya nishati inayofyonza. Maiman alirudia vipimo hivyo mwenyewe na kupata asilimia 75 hivi. Tofauti hiyo ndiyo iliyomtia moyo kuendelea.

Chombo alichokiunda kiliweza kushikwa kwa mkono mmoja. Katikati palikuwa na kijiti cha yakuti chenye urefu wa sentimita mbili hivi, ncha zake zimepakwa fedha ili ziwe vioo, na ncha moja imeachiwa tundu dogo la kutolea nuru. Kijiti kilizungukwa na taa ya flashi ya wapiga picha iliyopindwa kama springi ya kitanda, na vyote viwili viliwekwa ndani ya silinda ya alumini iliyong'arishwa. Mei 16, 1960, Maiman na msaidizi wake Irnee D'Haenens walipandisha umeme wa taa hatua kwa hatua. Ulipovuka kiwango fulani, nuru nyekundu ya yakuti, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694, iliruka ghafla kwa nguvu na rangi yake ikawa nyembamba zaidi kwenye kipimo. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kwamba kuchochewa kumeshinda.

Jarida la Physical Review Letters liliikataa makala yake, na jarida la Uingereza la Nature likachapisha tangazo fupi Agosti 6. Katika mkutano na waandishi wa habari uliofanyika New York mwezi Julai, mpiga picha aliona kifaa hicho ni kidogo mno kwa ugunduzi mkubwa namna hiyo, akamshawishi Maiman ashike taa nyingine kubwa zaidi. Maabara zilizotaka kurudia jaribio ziliiga picha hiyo, nazo zikafanikiwa kwa chombo ambacho hakikuwa chenyewe. Magazeti yaliandika kuhusu miale ya kuua. D'Haenens alitania kwamba leza ni jibu linalotafuta swali, na kwa miaka kadhaa wanasayansi waliurudia utani huo bila kuweza kuukanusha.

Ukoo unapanuka

Desemba 12, 1960, Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, pamoja na William Bennett na Donald Herriott, waliwasha leza ya heli na neoni katika maabara za Bell. Yakuti ilitoa mapigo tu. Leza ya gesi ilitoa mwale usiokatika, na siku iliyofuata ulitumika kubeba mazungumzo ya simu. Mwaka 1962 ilipatikana aina yake itoayo nuru nyekundu ya nanomita 633, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa leza ya kila maabara ya shule na chuo.

Mwaka huohuo Robert Hall wa kampuni ya General Electric alitengeneza leza kutokana na kipande cha nusukipitishi, aina ya mata itumikayo katika transista. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele na iliendeshwa na umeme moja kwa moja, ila ilifanya kazi katika baridi ya naitrojeni ya majimaji tu. Mwaka 1970 kundi la Zhores Alferov huko Leningrad, na muda mfupi baadaye Izuo Hayashi na Morton Panish wa Bell, walipata leza za aina hiyo zinazowaka mfululizo katika joto la kawaida la chumba, kwa kupanga tabaka nyembamba za mata tofauti. Leza nyingi zilizopo duniani leo ni uzao wa hizo. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, alikuwa amekwisha kuunda leza ya kabonidayoksaidi, ambayo nuru yake isiyoonekana ina joto la kukata chuma.

Kupima dunia na Mwezi

Mwale wa leza ndogo ya gesi huongezeka upana kwa mita moja hivi katika kilomita moja. Ukipitishwa kwenye darubini kubwa, kutawanyika huko hupungua, na hapo ndipo wapimaji walipoona faida yake. Wanaanga wa Apollo 11 walipotua Julai 1969 waliacha Mwezini bamba lenye vipande 100 vya kioo vilivyokatwa pembe, kila kimoja kikirudisha nuru kulekule ilikotoka. Agosti 1 mwaka huo kituo cha Lick, California, kilipokea mwangwi wa kwanza. Safari ya kwenda na kurudi huchukua sekunde mbili na nusu hivi. Mwale hufika Mwezini ukiwa na upana wa kilomita kadhaa, na kati ya fotoni zilizotumwa hurudi chache mno. Hata hivyo, muda wake hupimwa kwa usahihi unaotosha kuonyesha kwamba Mwezi husogea mbali na dunia kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Leza ilibadilisha hata mita yenyewe. Vipimo vilivyofanywa kwa leza huko Boulder, Colorado, mwaka 1972 viliipata kasi ya nuru kwa usahihi mara mia moja zaidi ya awali. Mwaka 1983 mataifa yalikubaliana kwamba mita ni umbali ambao nuru husafiri katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde.

Upimaji huohuo wa muda wa mwangwi, ukirudiwa mara mamilioni, huchora umbo la jengo zima. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliutumia katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, pwani ya kusini mwa Tanzania. Kuta na kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa zimehifadhiwa kwa njia hiyo kama wingi wa nukta zenye vipimo, na mtaalamu anaweza kuzilinganisha na hali ya jengo miaka inavyopita.

Jicho na kisu kisichogusa

Jicho lilikuwa kiungo cha kwanza kutibiwa, kwa sababu sehemu yake ya mbele hupitisha nuru bila kudhurika. Desemba 1961, katika hospitali ya Columbia-Presbyterian jijini New York, leza ya yakuti ilitumika kuunguza uvimbe ndani ya retina ya mgonjwa. Baadaye leza ya argoni ilionekana kufaa zaidi, kwa kuwa damu hufyonza vizuri nuru yake ya kijani na buluu. Wagonjwa wa kisukari walinufaika hasa: mishipa dhaifu inayoota kwenye retina huzuiwa kwa kuchomwa madoa madogo mengi, na utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1976 ulionyesha kwamba tiba hiyo hupunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu.

Upasuaji wa kurekebisha uoni ulianza kwa nyama ya bata mzinga. Novemba 27, 1981, siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani, Rangaswamy Srinivasan wa kampuni ya IBM alileta mabaki ya chakula maabarani na kuyapiga kwa leza ya urujuanimno yenye wimbi la nanomita 193. Leza ya kijani iliyowekwa ilinganishwe nayo iliacha mkato uliounguzwa kingo. Ile ya urujuanimno iliacha mfereji safi, kingo zake hazikubabuka. Fotoni zake zina nishati ya kutosha kuvunja viungo vya molekuli, na tabaka nyembamba ya juu hutoka kabla joto halijasambaa. Srinivasan na wenzake James Wynne na Samuel Blum walitambua kwamba konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, ingeweza kuchongwa namna hiyo. Mwaka 1988 daktari Marguerite McDonald aliitumia kwenye jicho la mgonjwa anayeona, na mwaka 1995 mamlaka za Marekani ziliidhinisha tiba hiyo.

Dukani, studioni na ofisini

Juni 26, 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya bazoka yenye bei ya senti 67 ilipitishwa juu ya kioo cha kaunta na bei yake ikajiandika. Chini ya kioo mwale mwekundu ulikuwa ukizungushwa na vioo vidogo. Pau nyeusi ziliufyonza, nafasi nyeupe ziliurudisha, na kipokezi kikageuza mpishano huo kuwa namba. Hiyo ilikuwa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa msimbopau uliokubaliwa na wafanyabiashara wa vyakula nchini Marekani.

Sahani ya muziki ya CD, iliyotolewa na Sony na Philips mwaka 1982, ilitegemea usanjari wenyewe. Muziki huandikwa kama vishimo vilivyopangwa kwenye mstari mmoja wa kuzunguka wenye urefu wa zaidi ya kilomita tano. Kina cha kila kishimo kinakaribia robo ya wimbi la leza ndani ya plastiki. Nuru inayogonga chini ya kishimo husafiri karibu nusu wimbi zaidi ya inayogonga ukingoni, zinaporudi hufutana, na kipokezi huona giza. Mistari ya Young imo humo, imepunguzwa mpaka ikaenea kwenye kishimo kidogo kuliko vumbi. DVD na sahani zilizofuata zilitumia mawimbi mafupi zaidi ili vishimo viwe vidogo na data iwe nyingi. Katika ofisi, Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox alikwisha kuuelekeza mwale kwenye silinda ya mashine ya kunakili mwishoni mwa miaka ya 1960, na hapo ndipo ilipotoka printa ya leza.

Hologramu, aina ya picha, nayo ilikuwa ikiingojea leza. Dennis Gabor aliivumbua nchini Uingereza mwaka 1947, lakini taa za zebaki alizokuwa nazo hazikuwa na usanjari wa kutosha, na picha zilitoka hafifu. Emmett Leith na Juris Upatnieks wa Chuo Kikuu cha Michigan waliitumia leza, na mwaka 1964 wakaonyesha picha ya treni ya kuchezea iliyoweza kutazamwa kutoka pembe mbalimbali. Gabor alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Kiwandani na vitani

Mwaka 1965 kampuni ya Western Electric ilianza kutoboa kwa leza almasi za kuvutia nyaya za shaba, kazi iliyochukua saa nyingi kwa njia ya zamani. Mwaka 1967 Peter Houldcroft na wenzake huko Cambridge walikata bamba la chuma la unene wa milimita moja kwa leza ya kabonidayoksaidi iliyosaidiwa na mkondo wa oksijeni. Mashine za ukoo huo zimeshuka bei, na leo hukata mbao, akriliki na vibao vya matangazo katika karakana ndogo.

Jeshi la Marekani lilitumia mabomu yanayoongozwa kwa leza katika vita vya Vietnam. Mwaka 1972 yaliangusha daraja la Thanh Hoa lililokuwa limestahimili mashambulizi ya miaka mingi. Kwa upande mwingine, silaha za leza zilizokusudiwa kupofusha macho zilipigwa marufuku kwa itifaki ya kimataifa iliyopitishwa Vienna mwaka 1995. Hatari kwa jicho hutokana na sifa ileile inayoisaidia tiba: lenzi ya jicho huukusanya mwale sanjari kwenye nukta moja ya retina. Ndiyo maana leza huuzwa kwa madaraja ya usalama, kuanzia la 1 lisilo na madhara hadi la 4 linaloweza kuunguza ngozi na kuwasha moto.

Nyuzi za kioo na pwani ya Afrika Mashariki

Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi kutoka Aden uliunganisha Zanzibar na mtandao wa telegrafu wa dunia. Miaka 130 baadaye pwani hiyo ilipata mkongo wa nuru. Kati ya nyakati hizo mbili kulikuwa na tatizo la kioo.

Nuru haiwezi kutegemewa kubeba ujumbe mbali hewani, kwa kuwa mvua, ukungu na vumbi huizuia. Ndani ya uzi wa kioo ingeweza kulindwa, lakini kioo bora cha miaka ya 1960 kiliimeza yote ndani ya mita chache. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyefanya kazi Harlow, Uingereza, alieleza pamoja na George Hockham kwamba kosa liko kwenye uchafu, hasa madini ya chuma, na si kwenye kioo chenyewe. Walikadiria kwamba uzi utakaobakiza asilimia moja ya nuru baada ya kilomita moja utafaa kwa simu. Mwaka 1970 wanasayansi watatu wa kampuni ya Corning, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walikivuka kiwango hicho. Nyuzi za sasa hubakiza nusu ya nuru hata baada ya kilomita 15. Kao alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Mkongo wa kwanza wa nuru kuvuka Atlantiki, TAT-8, ulianza kazi Desemba 1988 ukiwa na uwezo wa simu 40,000 kwa wakati mmoja. Waya wa shaba wa mwaka 1956 ulibeba 36. Kila baada ya makumi ya kilomita mawimbi ya TAT-8 yaligeuzwa kuwa umeme, yakatiwa nguvu na kurudishwa kuwa nuru. Mwaka 1987 kundi la David Payne wa Chuo Kikuu cha Southampton lilikuwa limeonyesha njia rahisi zaidi: kipande cha uzi huchanganywa na atomu za erbi, leza nyingine huzipandisha ngazi, na nuru inayopita ikiwa na ujumbe huzichochea zishuke. Ni tendo la tatu la Einstein likifanyika chini ya bahari. Kwa kuwa rangi za leza ni safi, rangi nyingi hupitishwa katika uzi mmoja bila kuchanganyikana, na zote hutiwa nguvu kwa pamoja.

Mpaka mwaka 2009 mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki na ulimwengu yalipitia hasa kwenye setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000. Ujumbe na jibu lake vilichukua nusu sekunde au zaidi, na gharama ilikuwa kubwa. Julai 23 mwaka huo mkongo wa SEACOM ulizinduliwa ukiziunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na Ulaya na Asia. Mkongo wa TEAMS, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulitua Mombasa mwaka huohuo, na EASSy, unaoshuka kutoka Port Sudan hadi Mtunzini, Afrika Kusini, ulifuata mwaka 2010. Kutoka Dar es Salaam na Mombasa nyuzi za nchi kavu, ukiwamo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania, huifikisha nuru hiyo Uganda, Rwanda na Burundi. Utegemezi huo ulidhihirika Mei 12, 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika upande wa kusini na huduma za intaneti katika nchi kadhaa za ukanda huo zikayumba.

Vipimo vya mwisho kabisa

Utafiti wa sasa unaisukuma leza pande mbili. Upande mmoja ni upimaji. Septemba 14, 2015, vituo viwili vya LIGO nchini Marekani, kila kimoja kikiwa na mikono miwili ya kilomita nne, vilinasa mawimbi ya mvutano yaliyotokana na mashimo meusi mawili yaliyogongana. Mwale mmoja wa leza hugawanywa, hutumwa katika mikono yote miwili, kisha hukutanishwa. Mkono ukirefuka, mawimbi hupotezana hatua. Badiliko lililopimwa lilikuwa dogo sana kuliko upana wa protoni.

Upande wa pili ni nguvu. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou wa Chuo Kikuu cha Rochester walipata njia ya kurefusha pigo la leza, kulikuza, kisha kulibana tena, na hivyo kufikia nguvu ambazo zamani zingevunja kioo cha leza yenyewe. Walitunukiwa Nobel mwaka 2018. Katika kituo cha National Ignition Facility, California, miale 192 ya leza huelekezwa kwenye kidonge kidogo chenye aina mbili nzito za hidrojeni. Desemba 5, 2022, megajuli 2.05 za leza zilizaa megajuli 3.15 za nishati ya kuungana kwa viini vya atomu, mara ya kwanza kwa jaribio la aina hiyo kutoa nishati nyingi kuliko nuru iliyoingia. Leza zenyewe, ili kutoa nuru hiyo, zilitumia takriban megajuli 300 za umeme, na kupunguza pengo hilo ndiyo kazi iliyo mbele ya wahandisi wa leza wanaotaka kuzalisha umeme kwa njia hiyo.